Mtambo wa Muhogo Usiishie Mlimani



Mwanamke wa Nyakitonto, katika Wilaya ya Kasulu, anapotaka unga wa muhogo hana njia ya mkato. Muhogo hung'olewa, humenywa, hulowekwa siku tatu au nne hadi ulainike, huanikwa juani, ndipo hutwangwa au hupelekwa mashineni kusagwa. Kazi hiyo yote, isipokuwa ile ya mashine ya kusaga, huifanya kwa mikono yake, na mzigo wa kutoka shambani hadi majini na kutoka majini hadi nyumbani huwa juu ya kichwa chake. Tena mvua za nyanda za juu za Kigoma huanza mnamo Oktoba na kuendelea hadi Mei. Katika miezi hiyo muhogo ulioanikwa asubuhi huanuliwa mbio adhuhuri, na mara nyingi huota ukungu kabla haujakauka.

Yeyote anayetaka kuupima utafiti wa uhandisi wa mitambo katika vyuo vikuu vya Tanzania hana budi kuanzia hapo.

Wapo wanaoidharau kazi ya kuloweka muhogo na kuiita desturi ya kizamani. Hao hawaujui muhogo mchungu. Ndani ya muhogo huo imo dawa iitwayo linamarini, ambayo hutoa sumu ya sayanidi. Maumbile yameihifadhi dawa hiyo ndani ya seli, na kimeng'enya kinachoivunja kimewekwa pembeni, katika kuta za seli hizo. Viwili hivyo havikutani mpaka muhogo ulainike, upondwe au ukunwe. Vikikutana, sumu hutoka, nyingine ikaenda na maji na nyingine ikapotea hewani. Muhogo uliokatwa vipande vikubwa na kuanikwa tu juani hukauka huku sehemu kubwa ya sumu ikiwa bado imo ndani. Kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo hakiruhusu zaidi ya miligramu 10 za sumu hiyo katika kilo moja.

Matokeo ya kukatisha njia yanajulikana katika nchi hii. Katika miaka ya 1980, wakati wa ukame, uliripotiwa katika Wilaya ya Tarime ugonjwa uitwao konzo, ambao hupoozesha miguu ghafla, na aliyepooza hapati tena miguu yake ya awali. Walioathirika zaidi walikuwa watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Madaktari na wataalamu wa lishe waliouchunguza waliuhusisha na muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka, pamoja na upungufu wa protini katika chakula. Baada ya mwaka 2000 ugonjwa huo ulionekana tena, safari hii kusini, Mtwara na Mbinga. Heri ya Kasulu ni maharage yake, ambayo huongeza protini katika sahani ya ugali. Lakini maharage hayatoshi kuwa sababu ya kubweteka.

Basi mashine ya kukuna muhogo, ambayo kwa macho ni ngoma ya bati lililotobolewa kwa misumari, ikizungushwa kwa puli na mkanda, si chombo cha kurahisisha kazi peke yake. Hufanya kwa dakika chache ile kazi ya kuzivunja seli ambayo maji huifanya kwa siku kadhaa. Rojo likishakunwa huachwa likae, kisha hukamuliwa. Na hapo kwenye kukamua ndipo mhandisi anapoweza kumsaidia mkulima kuliko mahali pengine popote.

Chukua mfano wa kilo 100 za rojo, ambamo kilo 65 ni maji. Rojo hilo likibanwa kwa jeki au kwa parafujo hadi maji yabaki asilimia 45, uzito wake utashuka hadi karibu kilo 64. Yaani kilo 36 za maji zimeondoka kwa nguvu za mikono, pasipo kuni hata moja. Maji hayo hayo yakifukuzwa kwa moto yanadai joto jingi, na joto ni misitu. Katika wilaya za Kasulu na Kibondo, ambazo tangu miaka ya 1990 zimepokea wakimbizi kwa malaki kutoka Burundi na Kongo, hakuna anayehitaji kuelezwa thamani ya mzigo wa kuni.

Kukausha ndiko kulikobaki kuwa mfupa mgumu. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Ufaransa, Thailand na nchi nyingine wamevichunguza vikaushio vidogo ambavyo hupeperusha unga ndani ya bomba lenye hewa ya moto. Waliona kwamba vingi vimetengenezwa kwa kuiga vile vikubwa vya viwandani na kuvipunguza tu kimo. Bomba likiwa fupi mno, hewa hutoka nje ingali na moto wake, nao unga haujakauka sawasawa. Mwenye mtambo hubaki akilipia joto linaloishia angani. Kosa hilo halikugunduliwa kwa macho ya fundi. Liligunduliwa kwa hesabu ndefu za mwendo wa hewa na joto, zilizopigwa kwa kompyuta. Kwa hiyo wanaosema kwamba mkulima hahitaji hesabu za chuo kikuu wamekosea.

Lakini wamekosea vilevile wasomi wanaodhani kwamba hesabu ikishachapishwa katika jarida kazi imekwisha. Taifa lilijenga nyumba za kazi hii mapema. Mwaka 1973 kilifunguliwa Kitivo cha Uhandisi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na mwaka huo huo likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO. Arusha ikapata TEMDO mwaka 1980 na CAMARTEC mwaka 1981. Mwaka huo wa 1981 Chuo Kikuu kikaanzisha taasisi iliyofahamika kwa herufi za IPI, ambayo kazi yake ilikuwa hasa kubuni mitambo na kuifikisha kwa watengenezaji. Mwaka 2001 kitivo na taasisi hiyo vikaunganishwa kuwa ndaki moja. Tume ya Sayansi na Teknolojia ipo tangu mwaka 1986, na tangu mwaka 2019 yapo mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU. Majengo, basi, yapo. Kinachopungua ni barabara kati ya karakana ya Mlimani na jiko la Nyakitonto.

Mtambo hufa kwa vitu vidogo. Maji ya muhogo ni makali. Hula bati la kawaida hadi likatoa kutu ndani ya chakula. Chuma kisichoshika kutu ni ghali, tena si kila fundi anaweza kukichomelea. Beringi ikipasuka, na saizi yake haipatikani katika maduka ya Kasulu mjini, mashine nzima hugeuka kiti cha kuku. Mbunifu aliye Dar es Salaam angepaswa kwanza kuyatembelea maduka hayo, aandike beringi na mikanda iliyomo, ndipo achore mtambo wake kwa vipimo hivyo. Kazi hiyo haina heshima ya jarida, lakini ni uhandisi.

Liko na suala la wenye mashine. Kazi ikifanywa kwa mikono huwa ya wanawake. Ikitiwa mota, mara huonekana kuwa ya wanaume, na fedha zake vilevile. Kikundi cha akina mama kisipohusishwa tangu siku ya kuchora mtambo, kitakuja kuwa mteja wa jasho lake chenyewe.

Kuhusu nguvu za kuendeshea, hali imebadilika. Kwa miaka mingi Mkoa wa Kigoma ulitegemea majenereta ya dizeli. Mwaka 2022 umeme wa gridi ya Taifa ulianza kufika. Mahali nguzo zilipofika, mota ndogo inaweza kuchukua nafasi ya injini.

Limebaki jambo moja la kalenda. Wanafunzi wa uhandisi huenda kwenye mafunzo ya vitendo wakati wa likizo ndefu, kati ya Julai na Septemba. Wakipelekwa Kasulu miezi hiyo watakuta jua kali, muhogo unakauka juu ya mwamba, na kikaushio chao kitasifiwa bila kufanya kazi yoyote. Chuo kinachotaka kujua ukweli wa mtambo wake kipeleke watu Nyakitonto mwezi Desemba, mvua inaponyesha, na kiwaache huko hadi magunia ya kwanza ya unga yapimwe sumu na unyevu.