Vimulimuli Bila Maumivu

Kipandauso wengi tunakijua kwa maumivu: upande mmoja wa kichwa unagonga, mwanga unachoma, kichefuchefu hakitulii. Baadhi ya watu hutanguliwa na dalili, kama vile vimulimuli, yaani michirizi inayometameta yenye kingo za meno ya msumeno, au doa linaloficha sehemu ya kile wanachokitazama. Kwa kawaida kila dalili hudumu dakika 5 hadi 60.

Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika vijijini kuzunguka Hospitali ya Haydom, jirani na Wilaya ya Mkalama, Tanzania, uliwakuta na kipandauso takribani watu 4 katika kila 100. Si ugonjwa wa Wazungu, basi.

Kisichozungumzwa sana ni umri. Miaka ikisonga, maumivu mara nyingi hupungua, pengine hutoweka, vimulimuli vikabaki peke yavyo. Vinaweza hata kumjia kwa mara ya kwanza mtu aliyevuka miaka 50. Mwaka 1980 daktari C. Miller Fisher wa Boston alieleza kuhusu wagonjwa wa namna hiyo.

Mzee wa Iramba, mkoani Singida, akiviona akiwa kwenye alizeti zake atasema ni jua. Nyumbani watasema presha. Hapo ndipo pagumu, maana kiharusi nacho huweza kuanza kwa macho kufifia au mkono kufa ganzi. Dalili za kipandauso, kama ganzi, hutambaa polepole, vidoleni, mkononi, kisha shavuni. Kiharusi hupiga ghafla. Lakini hiyo si tofauti ya kuamuliwa barazani. Anayepatwa mara ya kwanza uzeeni apelekwe hospitali papo hapo, hata akipata nafuu njiani.