Deni la Mwenye Mvi: Old Moshi, Uzee na Shukrani



Nimeombwa nizungumzie uzee na kifo. Ni somo ambalo mhadhiri anaweza kulimaliza kwa kuwafariji wazee na kuwaonya vijana, watu wakapiga makofi na kwenda zao. Mimi nimekuja na hoja moja, na nitaieleza kwa mifano ya mlima huu wa Kilimanjaro. Aliyejaliwa kuzeeka amepewa kitu ambacho wengine walinyimwa. Kwa hiyo mvi hazimpi mtu haki ya kujikweza. Zinamwekea deni, na deni lenyewe hulipwa mtu angali hai.

Walionyimwa uzee

Tuanze na wale ambao hawakuzeeka. Meli, mangi (yaani mtawala) wa Old Moshi, alirithi kiti cha baba yake, Mangi Rindi, mwaka 1891, akiwa bado kijana. Juni 1892 wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani hapa Moshi, na kamanda wao, Albrecht von Bülow, akauawa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi wakaliteka boma lake. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi kwa tuhuma za kupanga uasi. Watu 19 walinyongwa, wakiwamo Mangi Molelia wa Kibosho na viongozi kutoka Meru na Arusha.

Wazee wetu wamesimulia miaka yote kwamba kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake alikitafuta kwa miongo mingi, akiandika barua na kugonga milango, mpaka yeye mwenyewe akawa mzee sana. Huko Berlin kuna mkusanyiko mkubwa wa mafuvu uliokusanywa enzi za ukoloni na mwanaanthropolojia Felix von Luschan. Watafiti wa makumbusho ya huko walichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, na 202 kati ya hayo yalitoka katika eneo ambalo leo ni Tanzania. Septemba 2023 walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu hayo na familia za Kilimanjaro zilizo hai leo. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno Akida. Likatambuliwa kuwa la Sindato Kiutesha Kiwelu, mshauri wa karibu wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo miongoni mwa yaliyotambuliwa.

Naomba tulitafakari jambo hili bila haraka. Watu wale walinyang'anywa mara mbili. Kwanza walinyang'anywa miaka: hawakuota mvi, hawakuamua ugomvi wa wajukuu, hawakumkabidhi mtu kihamba, shamba la urithi la ukoo, kwa mikono yao. Kisha wakanyang'anywa kaburi. Kwa zaidi ya karne moja mtu wa Old Moshi amekaa ndani ya sanduku katika ghala la mji wa mbali, huku watoto wa watoto wake wakiishi bila pa kuweka shada.

Kwa hiyo mzee wa Old Moshi anayelalamika kwamba magoti yanauma ana haki ya kulalamika, maana maumivu ni maumivu. Lakini magoti yale yamebeba miaka ambayo Meli hakuipata. Atakayezikwa kwao, watu wakiimba na wajukuu wakitupia udongo, atapewa heshima ambayo watawala wa mlima huu waliikosa. Mtu akilielewa hilo, shukrani haitamjia kwa kuamrishwa.

Kaburi ndani ya kihamba

Wachaga hatujawahi kuwaweka wafu mbali. Zamani, baada ya mzee kukaa kaburini kwa muda, fuvu lake lilifukuliwa na kuwekwa kwa heshima chini ya mimea ya heshima iitwayo masale (mmoja ni isale), palepale ndani ya kihamba. Ukristo ulipoenea desturi hiyo ilikoma, lakini kaburi lilibaki nyumbani. Hadi leo mtu akifia Dar es Salaam au Mwanza, ndugu huchanga ili mwili usafirishwe usiku kucha na uzikwe kwenye migomba ya kwao. Mtoto wa Old Moshi hukua akipita pembeni ya kaburi la babu kila aendapo kukata majani ya ng'ombe.

Malezi hayo yana elimu kubwa. Anayelima kihamba anajua kwamba migomba ile ilipandwa na mwingine. Maji yanayoteremka kwenye mfongo, mfereji wetu wa asili, yalielekezwa huko na watu waliochimba kwa majembe yao kabla Mjerumani hajafika, na wengi wao hata majina hatuyajui. Isale linaloonyesha mpaka lilipandwa na mtu aliyekwisha kuondoka. Basi mwenye kihamba ni mtunzaji wa zamu. Zamu yake ina mwanzo na ina mwisho, na kaburi lililo nyuma ya nyumba humkumbusha kila siku ni wapi atakapolala zamu ikiisha.

Ninawaambia vijana wanaojenga nyumba za kifahari mlimani wakati wa Krismasi: jengeni, ni vizuri. Ila mkumbuke kwamba kiwanja mmekikuta.

Unyenyekevu wa kuhudumiwa

Tunapotaja unyenyekevu wa mzee, mara nyingi tunafikiria upole wa maneno. Ninaamini mtihani wake mgumu uko kwingine, katika kukubali kuhudumiwa. Mwanaume aliyekuwa akiagiza na watu wakakimbia, leo anahitaji mkono wa mwanawe ili afike chooni. Mama aliyelisha ukoo mzima analishwa kwa kijiko na mkwe wake. Wengi huona hiyo ni aibu, wakaficha ugonjwa, wakakataa miwani, fimbo na hospitali, mpaka siku wanapoanguka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika katika vijiji vya jirani zetu wa Hai, ulichunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Ulionyesha kwamba takribani watu 6 katika kila 100 wa umri huo walikuwa na demensia, maradhi ya ubongo yanayoondoa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Katika nyumba nyingi maradhi haya huitwa uzee tu. Kwingine hunong'onwa kwamba ni laana au mkono wa mtu. Matokeo yake mama anayepotea njia ya sokoni anakemewa kama mtoto mtundu, ilhali ni mgonjwa.

Kwa mzee, kukubali kushikwa mkono ni kukiri kwamba hata zamani hakusimama kwa nguvu zake peke yake. Aliogeshwa alipozaliwa na ataogeshwa atakapokufa. Katikati ya siku hizo mbili alijaliwa miaka michache ya kujiogesha mwenyewe. Anayelikumbuka hilo humshukuru mkwe anayemlisha, wala haoni kwamba shukrani hiyo inampunguzia hadhi.

Na kwa anayehudumia, unyenyekevu ni kutomkumbusha mzee kwamba anahudumiwa.

Kukabidhi mapema

Desturi yetu humpa kitinda mimba nyumba ya wazazi, na pamoja na nyumba humpa jukumu la kuwatunza. Mpango huo ulikuwa na hekima: urithi na matunzo vilikwenda pamoja. Siku hizi kitinda mimba yuko mjini anatafuta riziki, wazazi wamebaki mlimani na simu, na kihamba kimegawanywa mara nyingi hadi kimekuwa kipande kidogo. Mzee anapokufa bila kusema neno, ndugu hugombana kaburi halijakauka, na mara nyingi wanaosukumwa nje ni mjane na mabinti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kumiliki ardhi. Lakini mjane anayefukuzwa usiku hana muda wa kusoma sheria. Wosia wa mumewe, uliosemwa mbele ya mashahidi na kuandikwa, ungemlinda zaidi.

Wazee wangu, niruhusuni niseme jambo hili kwa heshima zote. Kukataa kuandika wosia kwa kuogopa kwamba ni kujiitia kifo ni kujidanganya. Kifo hakingoji kuitwa. Anayekabidhi akiwa na akili timamu anaona matunda ya uamuzi wake, na pakitokea kosa yupo wa kulirekebisha.

Kuna kukabidhi mali na kuna kukabidhi maarifa. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri aliyefanya kazi Old Moshi hadi mwaka 1938, alichapisha juzuu tatu za mafundisho waliyopewa vijana wa Kichaga, kati ya 1932 na 1938. Jina la kwenye jalada ni lake, lakini maarifa yale ni ya wazee wa hapa waliokubali kukaa chini na kusimulia. Wangenyamaza, mengi yangezikwa nao. Leo wapo wazee wanaojua mfongo gani ulichimbwa na ukoo gani na kwa makubaliano yapi, na hakuna mjukuu aliyewauliza.

Tena kuna kukabidhi madaraka. Mwalimu Julius Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985 akiwa na miaka 63, akarudi Butiama kulima. Alibaki na sauti na ushauri, lakini kiti cha urais alikiacha akiwa bado na nguvu. Vyama vyetu vya ushirika, mabaraza ya wazee wa kanisa, kamati za misikiti na idara zetu za vyuo zina mengi ya kujifunza kwake.

Deni letu kama jamii

Mkoa wa Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye sehemu kubwa zaidi ya wazee nchini. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka matumaini mengi, likiwamo la matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Fedha hizo hazikuwa nyingi, lakini ziliunganishwa na heshima: mkulima na mvuvi walitambuliwa kwamba nao walijenga nchi. Huku Bara mkulima wa kahawa aliyelipia shule za nchi hii kwa jasho lake bado hana pensheni ya namna hiyo. Tuendelee kuidai.

Wakati tunaidai, tujitazame. Mzee akifariki, kamati huundwa usiku uleule. Hupatikana fedha za jeneza, turubai, mabasi, chakula cha mamia ya watu na kamera za video. Mimi sipingi msiba mkubwa. Kuzikana ni utu wetu. Ninachouliza ni hiki: kamati hiyo ilikuwa wapi mzee alipokosa dawa za shinikizo la damu? Ukoo unaoweza kukusanya mamilioni kwa siku tatu unaweza kukusanya elfu kumi kumi kila mwezi kwa ajili ya kliniki.

Hitimisho

Nimalizie kwa kuwaomba mambo matatu. Wazee, andikeni wosia mwaka huu, na mabinti zenu wawemo. Vijana, kabla hamjarudi mjini mwezi Januari, mpelekeni mzazi kupimwa macho, presha na kumbukumbu, kisha kaeni naye jioni moja mwandike anachokijua. Na yeyote aliyekosana na mzazi au mwana achukue isale, kama walivyofanya waliotutangulia, aende kuomba msamaha wakati anayeombwa bado anaweza kujibu.

Waliolazwa chini ya migomba tumekwisha kuwazika. Walio vitandani asubuhi ya leo ndio wanaotudai. Nendeni mkawahudumie, msingoje matanga.