Ibada ya Mtu na Uadui wa Makundi



Imezagaa baina ya wasomi kauli ya kwamba kadiri mtu azidivyo kuabudu ndivyo azidivyo kuwa tayari kumwaga damu ya asiye wa dini yake. Na wenye kauli hiyo, wakisha kuitaja Ambon, Indonesia, ambako Waislamu na Wakristo walipigana mwaka 1999, huona hoja imekwisha. Kauli hiyo ni batili, na ubatili wake waanzia pale inapotia sala ya mtu na jamaa ya waumini katika kapu moja. Mwanasaikolojia Allport alikwisha kumtenga mwenye kuiishi dini na mwenye kuitumia kwa faida yake.

Nitakayo tuyatazame kwa kituo ni makala ya Jeremy Ginges, Ian Hansen na Ara Norenzayan ya mwaka 2009, ambayo nimeisoma mara nyingi wala haijanichosha. Walowezi wa Kiyahudi walipigiwa simu, baadhi wakaulizwa kwanza huenda sinagogi mara ngapi, baadhi humwomba Mungu mara ngapi, kisha wakaulizwa habari za Baruch Goldstein, aliyewaua Waislamu 29 waliokuwa wakisali katika Msikiti wa Ibrahimi, Hebron, mwezi wa Februari 1994: je, kitendo chake kilikuwa ushujaa? Waliokumbushwa sinagogi, 23 katika kila 100 walikiri. Waliokumbushwa sala, 6. Wasiokumbushwa lolote, 15. Na kwa Wapalestina waliohojiwa katika makala hiyo hiyo, kuhudhuria msikitini kuliandamana na kuunga mkono mashambulio ya kujitoa mhanga; wingi wa sala haukuandamana nako.

Watasema, basi nyumba za ibada ndizo adui. La, hasha! Jamaa humfunza mtu kujitolea kwa ajili ya wenziwe, na kujitolea huko ndiko kuzikako maiti na kulishako mayatima. Huwa shari pale tu wakubwa wa jamaa wanapokuelekeza kujitolea huko dhidi ya jirani. Huko huko Ambon, kijiji cha Wayame, chenye Waislamu na Wakristo, hakikuungua, kwa kuwa wazee 20, 10 wa huku na 10 wa huku, waliuchunguza kila uvumi kabla haujawasha watu.

Ama sala ya faraghani, niliifahamu nyumbani: marehemu babu yangu alikuwa akiamka usiku wa manane kusali, na mimi, mtoto niliyelala chumba kimoja naye, nilimsikia akimwombea afya Mgoa mshona nguo wa mtaani kwetu, Mkatoliki, kwa jina lake.

Wahakiki watanambia kwamba tofauti ya 6 na 15 miongoni mwa walowezi haitoshi kuwa hoja, na kwamba kwa Wapalestina sala haikuongeza uadui wala haikuupunguza. Nakubali. Hata hivyo naitakidi, wala sitaacha kuitakidi, kwamba sala ya faraghani hulainisha moyo. Na maadamu madodoso yetu huuliza tu mtu huenda ibadani mara ngapi, naomba idara yetu iongeze swali: akiwa peke yake, humwombea nani?