Ada ya Shule na Kahawa Iliyo Mtini

(Mazungumzo mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa)



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa darasa la saba yanapotangazwa, nyumba nyingi za wakulima wa kahawa mkoani Kagera huingia katika mashauri mazito. Mtoto amefaulu. Serikali imempangia nafasi katika sekondari ya kata. Wakati huohuo mama mtu amesikia sifa za shule ya bweni iliyo chini ya jimbo Katoliki, na baba mtu amekwisha kuulizia fomu. Jioni huzungumzwa mambo ya ufaulu, ya nidhamu, ya dini na ya heshima ya ukoo. Yote hayo ni haki ya wazazi kuyazungumza, wala chama cha ushirika hakina mamlaka ya kumwamulia mtu shule ya mwanawe.

Lakini lipo swali moja ambalo chama hakiwezi kulikwepa, kwa sababu jibu lake hupita shambani kabla ya kufika shuleni. Swali hilo ni hili: fedha za ada zitatoka wapi, na zitatoka lini?

SHULE ZILIVYOGAWANYIKA

Yafaa kwanza kukumbuka asili ya shule hizi. Sekondari ya Ihungo, ambayo leo ni ya Serikali, ilianzishwa na wamisionari Wakatoliki. Sekondari ya wasichana ya Rugambwa, nayo ya Serikali, ina jina la Laurean Rugambwa, aliyefanywa Kardinali mwaka 1960. Shule za namna hiyo ziliingia mikononi mwa Serikali kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ili mtoto wa Kitanzania asichaguliwe kwa dini yake wala kwa mfuko wa baba yake. Seminari, kama ile ya Rubya, zilibaki kwa Kanisa kwa kuwa kazi yake ni kuandaa vijana kwa utumishi wa Kanisa.

Baadaye mlango ulifunguliwa tena. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilihimiza mashirika ya dini na watu binafsi kujenga shule, na majimbo pamoja na mashirika ya masista yakaongeza sekondari zao. Shule hizo, kwa kawaida, hupokea watoto wa madhehebu na dini mbalimbali.

Ada nayo imekwenda na kurudi. Baada ya Uhuru iliondolewa katika sekondari za Serikali, kisha ikarejeshwa katikati ya miaka ya 1980, wakati hazina ya nchi ilipokuwa taabani. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ulipunguza ada ya shule za kutwa za Serikali kutoka shilingi 40,000 hadi shilingi 20,000 kwa mwaka. Kuanzia Januari 2016 ada hiyo iliondolewa kabisa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa pia kidato cha tano na cha sita. Basi leo mzazi wa Kagera hapimi ada ndogo na ada kubwa. Anapima shule isiyo na ada na shule yenye ada.

NENO «BURE» LINA MIPAKA YAKE

Hata hivyo, kutokuwa na ada si kutokuwa na gharama. Mzazi anayempeleka mtoto sekondari ya Serikali bado anawajibika kwa sare, viatu, madaftari na nauli. Akiwa wa bweni, maelekezo ya kujiunga yatamtaka alete godoro, shuka, ndoo, na mara nyingi rimu ya karatasi, fagio au fyekeo. Akiwa wa kutwa, kuna chakula cha mchana ambacho wazazi hukubaliana kukichangia. Na shule ikiwa mbali, lipo jambo zito kuliko yote: mtoto, hasa binti, hupangishiwa chumba karibu na shule na kuishi humo bila mtu mzima. Kodi ya chumba hicho ni ndogo. Hasara iwezayo kutokea humo haina bei.

Gharama hizi hazina risiti moja, kwa hiyo hazionekani. Mzazi husema, «Wa Serikali hanigharimu kitu,» huku akiuza mkungu wa ndizi kila wiki kwa ajili yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Anayetaka kulinganisha shule mbili kwa haki hana budi kuandika gharama za pande zote mbili.

Upande wa pili, mzazi asiione ada ya shule ya Kanisa kuwa ni faida tupu ya mwenye shule. Katika shule ya Serikali mshahara wa mwalimu hulipwa na hazina ya nchi. Katika shule ya jimbo, mwalimu, mpishi, mlinzi, mahindi, maharagwe, umeme na bati lililovuja hulipwa hasa kutokana na ada. Tetemeko la ardhi la Septemba 10, 2016 lilipobomoa majengo ya Ihungo, gharama ya kuyajenga upya haikuandikwa katika hati ya ada ya mzazi. Shule ya jimbo ikibomoka hutazama kwa wafadhili, kwa waumini na kwa wazazi wake. Ndiyo maana ada yake haiwezi kuwa ndogo, na ndiyo maana mkuu wa shule hulazimika kuidai.

Aidha, si halali kumpeleka kijana seminari kwa sababu tu ada yake yaweza kuwa nafuu, hali nyumbani inajulikana kuwa hana nia ya upadre. Huko ni kuchukua nafasi ya mwingine.

KALENDA MBILI ZISIZOPATANA

Sasa tufike kwenye kiini. Mwaka wa shule huanza Januari. Msimu wa kahawa Kagera hufunguliwa karibu na Mei na Juni. Mwezi ambao shule inataka fedha nyingi zaidi, pamoja na sare na vifaa vya kuanzia, ndio mwezi ambao mkulima ana fedha chache zaidi. Malipo ya msimu uliopita yamekwisha kula Krismasi, mahari, matibabu na madeni ya dukani. Kahawa mpya ingali mbichi mtini.

Katika pengo hilo ndimo butura inamoingia. Kila mjumbe hapa anaijua: mnunuzi huja kimya kimya, hutoa fedha taslimu, na huhesabu kahawa ambayo haijaiva kuwa ni yake. Serikali imeipiga marufuku, viongozi wameikemea, vyama vimeionya, lakini kila Januari huchipua. Haichipui kwa sababu wakulima hawajui hesabu. Huchipua kwa sababu mtoto amesimama mlangoni na sanduku lake, na shule haipokei ahadi.

Na ichukuliwe hesabu ya mfano. Bei hizi ni za kufanyia hesabu tu, wala si tangazo la bei. Mwanachama ana mtoto katika shule ya jimbo yenye ada ya shilingi 1,800,000 kwa mwaka, na nusu yake, yaani 900,000, inatakiwa Januari. Mnunuzi wa butura anampa shilingi 1,500 kwa kilo ya kahawa ya maganda. Ili apate 900,000, mwanachama huyo ameuza kilo 600. Msimu unapofika, chama kinalipa shilingi 4,000 kwa kilo. Kilo zile 600 zingempa shilingi 2,400,000.

Wajumbe watazame tarakimu hizo tena. Nusu ya ada imemgharimu kahawa ya shilingi 2,400,000, ilhali ada ya mwaka mzima ni 1,800,000. Mwanachama huyu hakushindwa na shule ya Kanisa. Ameshindwa na mwezi wa Januari. Angeweza kulipa ada yote kwa kahawa ileile na kubaki na shilingi 600,000, laiti fedha na tarehe vingekutana.

Wala mwenye mtoto katika shule ya Serikali asicheke. Laki mbili za sare, godoro, chumba na chakula zikitafutwa kwa njia hiyohiyo Januari, hula zaidi ya kilo 130 za kahawa, mahali ambapo kilo 50 zingetosha.

Chama nacho hupoteza. Kahawa ya butura haifiki ghalani kwa jina la mwenye shamba. Mizani hupungua, ushuru wa chama hupungua, na mwanachama huonekana katika daftari kuwa mkulima hafifu, hata anapotaka mkopo hana sifa.

CHAMA KIFANYE NINI

Yapo mambo manne ambayo chama cha msingi chaweza kuyafanya bila kungoja msaada kutoka nje.

Kwanza, kiwe na daftari la ada. Msimu unapofunguliwa, mwanachama anayependa aandikishe idadi ya watoto walio sekondari au watakaoingia, gharama zinazotarajiwa na tarehe zake. Aandike za shule ya Serikali na za shule ya Kanisa bila kuona haya. Daftari hilo ni siri ya mwanachama na katibu.

Pili, iwepo hati ya makato ya hiari. Mwanachama atie sahihi kwamba katika kila malipo ya kahawa yake, sehemu aliyoitaja ipelekwe katika akaunti ya ada iliyo kwa jina lake mwenyewe, katika SACCOS au benki. Isiwekwe katika sanduku la chama, wala isichanganywe na fedha za kununulia kahawa. Vyama vilivyovunjika kwa kuchanganya fedha za watu ni vingi, na funzo lake halihitaji kurudiwa.

Tatu, katibu asaidie kuandika barua kwa mkuu wa shule kabla ya mwaka kwisha. Shule nyingi za ada hupokea malipo kwa awamu. Barua yenye mhuri, inayoeleza kwamba mzazi ni mkulima wa kahawa na kuomba awamu kubwa iwe baada ya msimu kufunguliwa, ina uzito. Mkuu wa shule aweza kukataa, kwa maana naye ana jiko la kulisha. Hata hivyo, barua ya Novemba ni bora kuliko mtoto kurudishwa nyumbani mwezi Machi.

Nne, palipo na SACCOS, uwepo mkopo mfupi wa ada wa Desemba na Januari. Kiwango chake kifuate kahawa ambayo mwanachama ameileta ghalani msimu uliopita, si maneno yake wala undugu wake na mjumbe. Riba ijulikane siku ya kukopa, wadhamini wawe wanachama, na fedha zilipwe moja kwa moja katika akaunti ya shule panapowezekana. Hata mkopo wenye riba ni mwepesi kuliko butura, na hesabu iliyotolewa hapo juu inatosha kuwa ushahidi.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Kanuni ya tano ya ushirika hutaja elimu, mafunzo na habari. Wako wanaoitumia kudai kwamba mfuko wa elimu wa chama ulipe ada za watoto. Maana yake siyo hiyo. Mfuko huo ni wa kuwafundisha wanachama, viongozi na watumishi juu ya ushirika wao. Chama kikitaka kusaidia watoto wa sekondari, kwa mfano yatima wa wanachama, jambo hilo liamuliwe na mkutano mkuu, liwe na fungu lake na masharti yake, lisomwe katika hesabu za mwaka. Wala lisitenge mtoto wa shule ya Serikali kwa kuwa hana ada, maana huenda yeye ndiye asiye na chakula cha mchana.

Mzazi naye ahesabu miaka minne, wala si Januari moja. Na ahesabu watoto wote waliomo nyumbani. Iko nyumba iliyompeleka kifungua mimba shule ya gharama, na ilipofika zamu ya wadogo zake ikawa haina hata nauli. Mara nyingi aliyebaki nyuma ni binti. Kumwanzisha mtoto katika shule ya Kanisa na kumwondoa kidato cha pili kwa kukosa ada ni kumwumiza mara mbili. Afadhali sekondari ya kata yenye mzazi anayefuatilia daftari la mtoto kila jioni, na wazazi waliojenga hosteli kwa nguvu zao ili mabinti wasipange vyumba.

Lakini mwenye uwezo, aliyepiga hesabu yake na akaridhika, asilaumiwe kwa kuchagua shule ya jimbo. Kila kiti kinacholipiwa huko huacha kiti kimoja wazi katika shule ya umma kwa mtoto wa jirani.

Ndugu wajumbe, wazee waliounda chama kikuu cha Bukoba mwaka 1950 walitaka mkulima auze kahawa yake mwenyewe, kwa mizani yake mwenyewe, naye ajue bei. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, kwa sababu haja hiyo haikufa. Kahawa iliyouzwa ikiwa ua haiuzwi na mkulima. Huuzwa na shida yake. Basi makatibu watakaporudi vyamani, msimu ujao unapofunguliwa, wafungue na daftari la ada siku ileile wanapofungua daftari la mizani. Januari itakuja kama kawaida yake, na itamkuta mwanachama ameketi na fedha mkononi, akichagua shule ya mwanawe kwa akili iliyotulia.