Dawa ya Kambare Inashika Wapi?



Leo nina neno kuhusu sindano ya kambare. Wavuvi wa sangara wa Ziwa Victoria wanaotega kwa ndoano wanahitaji chambo, na kambare mdogo aliye hai ni chambo kinachotafutwa. Ndiyo maana kuzalisha vifaranga vyake kumekuwa biashara. Shida ni kwamba kambare wa bwawani hujaza mayai tumbo zima, halafu hatagi. Huko ziwani husubiri mvua, maji yafurike kwenye nyasi, ndipo apande kutaga. Bwawani mafuriko hayo hayaji, basi mzalishaji anamdunga sindano.

Sindano zenyewe ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya kujitengenezea. Unachinja kambare dume, unapasua fuvu, unatoa tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, unaisaga kwenye maji ya chumvi, unamdunga jike msulini, mgongoni. Dume huyohuyo ndiye anayetoa mbegu, maana kambare dume hakamuliki kirahisi. Homoni ya tezi ile husafiri kwenye damu hadi kwenye ovari na kuyakomaza mayai. Ubongo wa jike haukuulizwa lolote.

Ya pili ni ya chupa. Inayojulikana zaidi ni Ovaprim, na kipimo chake ni nusu mililita kwa kila kilo ya samaki. Ndani yake mna peptidi fupi iliyoundwa maabara kwa kuiga homoni ya ubongo wa samaki aina ya salmoni. Ukoo huo wa homoni ulifumbuliwa mwaka 1971, Andrew Schally akichambua ubongo wa nguruwe na Roger Guillemin wa kondoo. Mwaka 1977 wote wawili walipata Tuzo ya Nobel.

Sasa, dawa hii inashika wapi? Wengi watakujibu kwenye mayai. Sivyo. Inashika kwenye pituitari ya jike mwenyewe. Seli za tezi hiyo zina vipokezi, protini zilizopenya utando wa seli mara saba. Homoni ni ufunguo, kipokezi ni kufuli. Ikishika, tezi humwaga homoni yake yenyewe kwenye damu, na mayai hukomaa.

Kufuli la kambare wetu wa Afrika lilisomwa Uholanzi. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht walichapisha muundo wa kipokezi hicho. Ubongo wa kambare una homoni mbili za ukoo huu, kila moja ikiwa na asidi amino 10, na zinatofautiana nafasi ya 7 na ya 8 tu. Moja inaitwa homoni ya kambare. Nyingine ilifahamika kwanza kwa kuku. Walipozijaribu kwenye kipokezi hicho kimoja, ile ya kuku ndiyo iliyokiamsha kwa nguvu zaidi. Nafasi mbili tu katika kumi, na nguvu zinabadilika.

Kuna breki pia. Ubongo wa kambare hutoa dopamini, nayo ina kipokezi chake kwenye pituitari hiyohiyo, kazi yake kuizuia tezi isimwage homoni. Lin Hao-Ran wa China na Richard Peter wa Canada walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba ukiifunga breki hiyo, sindano inafanya kazi vizuri. Kwa sababu hiyo chupa ile ina pia domperidoni, dawa ya kuifunga breki hiyo.

Kwa nini nakuchosha na haya asubuhi yote hii? Kwa sababu mzalishaji asiyejua dawa inashika wapi hupoteza hela. Jike asipokubali, anaongeza dozi. Lakini vipokezi vikishajaa vimejaa; kinachozidi ni hasara. Na kama mayai hayajafikia ukubwa wake, hakuna sindano itakayoyaokoa. Halafu kuna joto la maji: kwenye nyuzi 25 mayai huwa tayari baada ya saa 11 hivi, kwenye nyuzi 20 ni kama saa 21. Dunga saa 2 usiku kwenye maji ya nyuzi 25, ukamue mayai saa 1 asubuhi. Maji yakipoa usiku, ukakamua kwa saa hiyohiyo, utaambulia mayai mabichi na kuilaumu dawa.

Naomba vyuo na watafiti wetu wa uvuvi, na wapo hapa jirani Nyegezi, Mwanza, wapime dozi kwa kambare wa ziwa hili na kwa maji ya hapa, kisha majibu yabandikwe kwa Kiswahili kwenye kila kituo cha vifaranga. Dawa inayoiga homoni ya salmoni, samaki wa maji baridi, haifai kutumiwa huku kwa maelezo ya kwenye lebo peke yake.

Na wewe mfugaji, kabla hujalipia chupa, muulize muuzaji: kambare wangu ameiva? Maji yangu yana nyuzi ngapi? Akikujibu kwa kukuuzia chupa ya pili, rudi nyumbani na hela yako.