Zamu ya Kitabu

Ndugu msikilizaji, nyumbani kwetu Tabora tulikuwa watu saba na riwaya moja kwa mwezi. Baba alikuwa karani wa reli, na siku ya mshahara hakukosa kurudi na kitabu kilichofungwa ndani ya gazeti. Zamu ilijulikana: baba kwanza, mama wa pili, kisha sisi watoto kwa umri. Mimi kitinda mimba nilikipata kimeshalegea mgongo, kinanuka mafuta ya taa na vitunguu. Waandishi watuwie radhi. Nakala moja walilipwa mara moja, sisi tukaisoma mara saba.

Sheria ilikuwa moja tu: ole wake atakayetoboa mwisho. Kaka yangu alipomtaja muuaji katika "Mzimu wa Watu wa Kale", ile riwaya ya Muhammed Said Abdulla yenye mpelelezi Bwana Msa, alinyimwa zamu mbili. Ilimuuma kuliko fimbo, maana kitabu kilichofuata kilikuwa cha Elvis Musiba, na kwa Willy Gamba kaka alikuwa haambiwi hasikii.

Lakini kitabu ninachotaka kukizungumza leo hakikupewa zamu. Mama alikiazima kwa mwalimu mwenzake. Kilikuwa "Rosa Mistika" cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Baba alikuwa na habari moja tu juu yake, kwamba kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Akakitia ndani ya sanduku la bati, akapiga kufuli.

Haukupita muda, dada yangu, wakati huo yuko kidato cha pili, akakutwa na barua ya mvulana. Baba alivua mkanda. Sitaki kusimulia zaidi, kwani dada hunisikiliza kila wiki.

Usiku ule mama hakula. Alidai ufunguo, akakitoa kitabu, akakiweka kando ya sahani ya baba. "Baba Rehema," akasema, "umekifungia kitabu usichokisoma."

Kwa ambaye hajakisoma, mle yumo Zakaria wa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mlevi anayempiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume, na akifika shule ya bweni, mbali na macho ya baba, hajui kabisa namna ya kuutumia uhuru alioupata. Naishia hapo. Sheria ya nyumbani bado naiheshimu.

Baba alisoma usiku mbili mfululizo kwa mwanga wa kandili. Asubuhi ya tatu hakusema neno. Alimrudishia dada barua yake, akakiweka kitabu rafuni. Mkanda sikuuona tena nje ya suruali.

Dada, ambaye sasa anaishi Mwanza, anabisha. Anasema si kitabu kilichomgeuza baba, bali ni shangazi, aliyekuja akamfokea mbele ya majirani. Huenda. Mimi nilikuwa na miaka kumi tu. Ila zamu naikumbuka vizuri: baada ya baba na mama, safari ile dada alipewa kabla ya kaka zake wawili waliomtangulia kuzaliwa.

Sasa juzi, ndugu msikilizaji, naingia chumbani kwa binti yangu wa kidato cha tatu kutafuta chaja, nakuta chini ya mto "Rosa Mistika". Shangazi yake amemtumia kwa basi kutoka Mwanza, kimefungwa ndani ya gazeti, bila kuniuliza. Na mimi huyu, ninayekuhimizeni redioni muwape watoto vitabu, mkono wangu ulikwishakichukua, na nilikuwa nageuka kwenda nacho kabatini.

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Akatazama kitabu, akanitazama.

"Baba," akasema, "tafadhali usiniambie mwisho."

Nilikirudisha chini ya mto. Amebakiza kurasa kama thelathini, na ameniahidi kwamba Jumamosi ni zamu yangu.