Mwalimu Mgeni na Watoto wa Rungwe

Wasikilizaji wetu, kila mwaka vyuo vya ualimu huwatuma wanafunzi wao mashuleni, wafanye mazoezi ya kufundisha kwa majuma kadhaa chini ya macho ya walimu wazoefu. Baadhi yao huletwa huku kwetu Tukuyu, nao hutoka Tanga, au Lindi, au Dar es Salaam. Twapenda kusema habari zao, maana aghalabu ni katika majuma hayo machache kijana huamua moyoni mwake kama atakuwa mwalimu kweli, au mtu wa kungoja mshahara tu.

Jambo la kwanza limjaribulo ni mji wenyewe. Tukuyu ipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,500, karibu na mlima Rungwe, na mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Kijana wa pwani huona nguo zake hazikauki, na ukungu umeziba njia aendapo shuleni. Tena, mvua ipigapo juu ya mabati, sauti yake hupotea kabisa, na somo alilolitengeneza usiku kucha halisikiki hata dawati la kwanza. Mwenye busara hashindani na mvua kwa makelele. Hushika chaki, huandika ubaoni, na watoto hufanya hesabu zao kimya mpaka mvua ipungue.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni lugha. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi, walakini watoto wengi wa vijijini hunyonya Kinyakyusa pamoja na maziwa ya mama. Kinyakyusa hakina sauti ya r. Basi mwalimu mgeni asemapo, "Andikeni karamu," mtoto huandika kalamu. Na asemapo kura, mtoto huandika kula. Mwalimu hutia alama ya kosa, darasa hucheka, na tangu siku ile mtoto hafumbui kinywa. Mwalimu naye huandika katika daftari lake kwamba mtoto ni mzito wa akili. Hivyo ndivyo mtoto mwenye akili apoteavyo, wala hakuna aliyekusudia kumpoteza.

Tumeona dawa yake kwa macho yetu. Kijana mmoja aliandika maneno hayo mawili ubaoni, moja kando ya jingine; chini ya karamu akachora sinia la chakula, na chini ya kalamu akachora kalamu. Watoto wakatambua kwamba herufi moja yageuza maana yote. Kisha akawaomba wamfundishe maneno ya kwao. Kinyakyusa kina irabu saba, na Kiswahili kina tano tu; basi mwalimu akajaribu, ulimi ukamshinda, na darasa likacheka tena. Lakini kicheko hicho hakikumwumiza mtu. Watoto walijua sasa kwamba kila ulimi una mahali pake pa kukwama, na yule aliyekuwa kimya akanyosha mkono.

Wala jambo hili si geni hapa. Wamisionari wa Kimoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 iliwapasa kujifunza Kinyakyusa wapate kusikilizana na wenyeji. Mgeni afundishaye hana budi kufundishwa.

Tukumbuke pia Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Vyuo havikutosha, hata vijana waliomaliza darasa la saba wakajifunza ualimu katika shule za msingi zenyewe, kwa masomo ya posta na ya redio, huku wakifundisha. Wengi wao walitegemea mwalimu mzoefu wa shule ile. Alipowaongoza, walistawi; alipowaacha, watoto ndio waliolipa.

Kwa hiyo, enyi walimu wenyeji, mwanafunzi wa ualimu afikapo, msimkabidhi darasa kama mtu atuaye mzigo, kisha mkaondoka. Keteni nyuma ya darasa, msikilize, na mkosoe faraghani. Nanyi wazazi, msimwache akae peke yake katika chumba cha kupanga. Mwiteni ale ndizi nanyi, na akiwaamkia "Mugonile" kwa ulimi mzito, mwitikieni kwa furaha.

Nawe kijana uliye safarini kuja Rungwe, chukua koti la mvua. Na utakapomkuta mtoto aliyeinamisha macho mbele yako, usiseme hajui; huku kwetu mtoto hufundishwa kuinama mbele ya mkubwa. Mngoje. Huenda anatafuta tu neno la Kiswahili la kulitia wazo alilo nalo tayari.

Kwa herini.